Karatasi Aliyoinywa Ami Ukasha

Mzee nisiyemjua alikuwa akiupima mlango wetu.

Mimi nilikuwa mkekani sebuleni, karatasi za marehemu babu zimenizunguka kama vifaranga, nikizipangusa vumbi moja moja kwa brashi laini. Niliposikia hodi niliitikia karibu bila ya kuinua kichwa, nikidhani ni jirani amekuja kuomba vitunguu. Kimya kilipozidi ndipo nilipotazama. Alikuwa mtu mzima sana, mrefu, amevaa shati lililopigwa pasi kwa bidii na kofia ya pama. Ameinama kizingitini, tepe ya kupimia mkononi, na midomo inamchezacheza kwa hesabu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mama. Huu mlango uliwahi kupanuliwa?"

"Sina habari."

"Haujapanuliwa." Alijijibu mwenyewe, akaiachia tepe ikarudi ndani ya kibweta chake kwa mlio mkali. "Vizuri. Kama liliingia, basi litatoka. Tutalilaza ubavu tu."

"Litatoka nini?"

Akaninyoshea kidole. Niligeuka. Nyuma yangu hapakuwa na kitu kingine ila kasha.

Sijui nilieleze vipi kasha hilo kwa mtu asiyelijua. Ni la msaji, refu kuliko meza yetu ya kulia, na misumari ya shaba imepangwa kifuani mwake kama vifungo vya afisa. Ndani yake mlikuwa na karatasi zote za ukoo wetu: vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, barua za posa, ripoti za shule ambazo wenyewe wangependa zipotee, na pasi ya bandari yenye picha ya Babu Jumaa akiwa bado na nywele. Mchwa wa mtaa wetu wa Mtongwe wamekula fremu za madirisha yetu, wamekula na kabati la jikoni mpaka likapiga magoti. Kasha hawajawahi kuligusa. Msaji una mafuta wasiyoyapenda.

Nami nina shahada ya utunzaji wa nyaraka, ambayo Ami Ukasha, mdogo wake baba, huiita shahada ya kupanga makaratasi. Tangu nihitimu nilikuwa nimekaa nyumbani Likoni kwa Bibi, nikiandika maombi ya kazi asubuhi na kupanga makaratasi jioni. Bibi Mwanatumu alikuwa na njia yake ya kutunza: kila Ijumaa akizifukiza karatasi udi pamoja na nguo za Idi, kisha akizitia karafuu. Nilimweleza kwa upole kwamba moshi huacha masizi na mafuta, nazo karatasi huzeeka kabla ya siku zao. Akaniuliza kama chuo kikuu kilinifundisha pia kuzifanya zinukie. Tukapatana. Yeye afukize kasha likiwa tupu, mimi nilipeperushe, kisha karatasi zirudi ndani zikiwa zimefungwa kwa vipande vya leso kuukuu, pamba tupu, zilizofuliwa mpaka zimelainika. Kila mmoja wetu aliamini ameshinda.

Halafu ikaja ile bahati. Shirika moja dogo linalohifadhi karatasi za familia za Pwani liliona picha nilizowatumia. Mama mmoja aitwaye Carolyne akanijibu kwamba wameona karatasi nyingi katika maboksi na mifuko, lakini hawajawahi kuona za nyumba moja zikiwa katika kasha lake, mahali pake. Wangekuja Alhamisi kulitazama. Wakiridhika, wangeniajiri nipite Likoni na Kisauni, nyumba kwa nyumba, nikiwafundisha watu kuziokoa karatasi zao na mvua, mende na watoto. Nililala nikiiota kazi hiyo. Nilishaona hata kikapu nitakachobeba.

Na sasa ilikuwa Jumanne, na mzee huyu anataka kulilaza kasha ubavu.

"Samiha!" Bibi aliita kutoka jikoni. "Ni nani huyo?"

"Abee, Bibi! Ndoo umwone mwenyewe!"

Bibi alitoka akijifuta mikono kwa leso. Alimtazama mgeni kuanzia viatu, akapanda polepole, akafika kwenye kofia, akarudi kwenye pua. Pale pua akasimama.

"Erasto," akasema.

"Shemeji," akasema mzee, akivua kofia. "Umenenepa."

"Nawe umekonda. Huko Taita mwala nini, mawe?"

"Twala ndizi na heshima. Nyinyi huku?"

"Sisi twala wageni wasioaga. Uliondoka hapa hukutwambia neno, hata mazikoni kwa Jumaa hukuonekana."

Mzee aliinamisha kichwa. "Habari ilinifika amekwisha kuzikwa, shemeji. Nililia huko huko."

Bibi naye macho yalimlowa. Akageuka akaagiza kahawa kwa sauti ya kugomba, ili tusione.

Hapo nikajua. Huyu alikuwa Mzee Erastus Mwakio, seremala aliyefanya kazi bandarini pamoja na babu yangu. Walikuwa wakila pamoja, wakitaniana pamoja, na Jumapili akija kwetu na mapera ya kwao. Alipoacha kazi alirudi Taita, na sasa amehamia Chaani, Changamwe, kwa mwanawe wa kwanza. Alikunywa kahawa yake kwa adabu, akamsifu Bibi kwa kahawa, akaisifu nyumba, kisha akaweka kikombe.

"Shemeji, nimekuja kuchukua kasha."

"Kasha gani?"

"Hilo. Mimi na Jumaa tulilitengeneza. Mbao tulipewa bandarini, zilikuwa zikitupwa. Yeye alikata, mimi niliunga. Tazama hizo pembe, hazina msumari hata mmoja. Hiyo ni mikono yangu."

Nilizitazama pembe. Kweli, mbao zilikuwa zimeumana kama vidole vya mikono miwili. Nilikuwa nimezipiga picha mara nyingi, nikaandika kwa fahari: kazi ya babu yangu.

"Tulipomaliza," mzee akaendelea, "Jumaa akasema, 'Erasto, kwako kuna mchwa na kwangu kuna nafasi. Likae kwangu. Siku ukimwoza binti yako, litakwenda naye.' Mimi nikacheka, maana nilikuwa na wavulana watatu. Nikaongeza wengine wawili. Jumaa alikuwa akinipa pole kila nikija kumtangazia. Ndipo mwisho, mke wangu akiwa amekwisha kata tamaa, akaja Winfred. Anaolewa Jumamosi. Vitu vyake vinakwenda Voi Alhamisi alfajiri."

Alhamisi. Siku ile ile ya Carolyne.

Bibi alizungusha bangili. "Erasto, nisikize. Mimi wanaume wakizungumza niko jikoni. Jumaa hakunambia. Nikikuita mwongo nitakuwa nimekosa adabu, na nikitoa kasha la mume wangu kwa maneno hivihivi, nitakuwa nimekosa akili."

"Si maneno. Kuna karatasi. Aliiandika Jumaa mbele yangu."

"I wapi?"

"Humo ndani." Akalinyoshea kidole kasha. "Mimi sikujua kusoma herufi za Kiarabu, na yeye hakujua kuandika nyingine. Nikamwambia, 'Karatasi nisiyoweza kuisoma nitaiweka nyumbani ya nini? Itie humo humo, iwe amana.' Akaitia."

Bibi alinigeukia. "Samiha, wewe ndiye mwenye kazi hiyo. Ipo?"

Nilijibu kwa haraka ya mtu aliyesubiri miaka kuulizwa swali la taaluma yake. "Kama babu aliitia, ipo. Hakuna kilichotupwa humu. Mzee Erastus, mimi husoma herufi hizo vizuri, nimesoma chuo cha Qurani kwa maalim tangu utoto. Nitaitafuta, na nikiipata nitakusomea neno kwa neno, kama ilivyo, hata ikiwa inatuhukumu sisi."

"Neno kwa neno?" akauliza.

"Neno kwa neno. Nakuahidi."

Alinitazama kwa furaha ya kweli. "Sauti yako ni ya Jumaa," akasema, na hapo nikaanza kujuta kidogo.

Tulitafuta. Nilifungua furushi baada ya furushi, huku Mzee Erastus akikaa kitini na kofia magotini, akiangalia kila kipande cha leso kikifunguliwa kama mtoto kwenye sherehe. Tulipata barua ya posa ya shangazi yangu iliyokataliwa. Tulipata ripoti ya Ami Ukasha ya darasa la tano, ambayo Bibi aliomba isomwe mara mbili. Tulipata kipande cha gazeti lililofungiwa tende. Karatasi za herufi za Kiarabu zilikuwepo: talasimu moja, na hesabu ya madrasa ya baba yake Jumaa, aliyekuwa mwalimu. Mkataba wa kasha haukuwepo.

"Labda ilikuwa nyeupe nyeupe," akasema mzee. "Hapana, haikuwa nyeupe. Karatasi nene, ya kufungia bidhaa. Na maandishi mekundu, kama ya manjano hivi."

"Mekundu?" nikauliza.

"Jumaa hakuwa na wino siku hiyo. Alichukua kidau cha wino cha baba yake na kalamu ya mwanzi."

Kwenye mlango tukasikia tuktuk ikizima, kisha Ami Ukasha akaingia kwa chakula cha mchana, akiimba. Alisalimu, akamshika mkono mgeni, akaona karatasi zimejaa sakafuni.

"Leo tena? Samiha, wewe ukifa utazikwa na brashi."

"Ami, tunatafuta karatasi. Nene, maandishi mekundu ya Kiarabu."

"Ya zafarani?" akauliza, akifungua sufuria.

Bibi akasema polepole, "Mbona waijua?"

"Si ile kombe."

"Kombe gani?"

"Ile niliyoinywa."

Wasomaji wa mbali na kwetu wanisamehe nieleze. Kombe ni aya zinazoandikwa kwa wino wa zafarani, juu ya sahani au karatasi, kisha zikaoshwa kwa marashi mawaridi, na mgonjwa akanywa yale maji kwa kutaraji shifaa. Baba yake Babu Jumaa, kwa kuwa alikuwa mwalimu, hakukosa kidau cha wino huo nyumbani. Na siku ile Jumaa alipotafuta cha kuandikia mkataba wa kasha, kidau hicho ndicho alichokiona.

"Nilikuwa na mtihani wa udereva," Ami Ukasha akajitetea, sufuria bado mkononi. "Tumbo lanichafuka, miguu yatetema. Nikafungua kasha kutafuta kitambulisho, nikaiona. Herufi za Kiarabu, wino wa zafarani, katika nyumba ya ukoo wa walimu! Ningefikiri ni nini, risiti? Nikaitia bakulini, nikaimiminia marashi, nikasema bismillahi, nikanywa yote."

"Na mtihani?" akauliza Mzee Erastus.

"Nilipita mara ya kwanza, mzee!"

"Basi ulipita kwa kasha langu."

Ami alimtazama mgeni kwa mara ya kwanza kwa makini. "Kasha lako?"

Bibi hakumpa nafasi. "Laiti ungekaa chuoni badala ya kutoroka kwenda kuogelea, ungeona kwamba hiyo si aya! Umekunywa mkataba wa baba yako! Miaka yote hii twakuona ukiendesha tuktuk barabarani twasema ni baraka za Qurani, kumbe ni maneno ya mbao!"

"Mama, bismillahi ilikuwamo. Niliiona."

"Bismillahi huandikwa hata juu ya mlango wa hoteli! Hunywi mlango!"

Mzee Erastus alianza kucheka. Alijaribu kujizuia, mabega yakamtikisika, akashindwa. Ami naye akashindwa. Bibi alikataa kucheka mpaka akakaa chini. Nikacheka na mimi, nikiona aibu, kwa sababu nilihisi kitu kikilegea ndani yangu. Karatasi imenywewa. Alhamisi imepona.

"Na karatasi yenyewe uliipeleka wapi?" nikauliza.

"Niliianika, nikairudisha. Kitu kilichobeba neno la Mungu hakitupwi."

Niliikumbuka papo hapo. Nilikuwa nimeifunga mwenyewe katika kipande cha leso ya zambarau, nikaandika juu yake: karatasi tupu, ina madoa. Niliileta nikaikunjua mezani. Ilikuwa nene, ya kahawia, imejikunja pembeni kwa kulowa, na wimbi la madoa mepesi limepita katikati. Maandishi hayakuwapo.

Mzee Erastus aliishika kwa mikono miwili. Aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaisogeza karibu na pua kama anayeweza kuyanusa maneno. Kicheko kilimtoka usoni.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Kwa hiyo imekwisha."

"Erasto," akasema Bibi, "nakuamini nusu. Nusu nyingine sina pa kuishika."

"Najua, shemeji. Siwezi kudai kwa karatasi tupu. Hata mimi ningemfukuza mtu kama mimi." Alivaa kofia. Akaitoa tena, akampa Bibi mkono. "Nilimwambia Winfred ana kasha Likoni. Tangu akiwa mdogo nikimwambia. Alikuwa akiwatambia kaka zake: nyinyi hamna kasha, mimi nina kasha Likoni. Basi nitamwambia limeliwa na mchwa."

"Hilo kasha na mchwa? Hatoamini," akasema Ami kwa upole.

"Ataamini. Ni mtoto mwema."

Akaniinamia kidogo, akanishukuru kwa kumtafutia, akatoka kwenda mlangoni. Mlango wetu una pazia zito. Alilifunua kwa ubavu, na mwanga wa mchana uliogonga mchanga wa nje ukaingia chini chini, ukateleza juu ya meza, ukaipitia ile karatasi kutoka pembeni.

Nikaona maneno.

Sikuona wino. Niliona mikwaruzo. Kalamu ya mwanzi ina ncha ngumu, na Babu Jumaa inaonekana alikuwa na mkono mzito. Wino ulikuwa umeoshwa ukanywewa, lakini njia ambamo kalamu ilipita zilikuwa zimebaki katika karatasi nene, na kwa mwanga wa ubavuni kila njia ilikuwa na kivuli chake. Nilisoma neno moja kabla pazia halijaanguka: binti.

Hakuna mwingine aliyeona. Bibi alikuwa akimtazama Mzee Erastus, na macho yake, au mato kama asemavyo mwenyewe, siku hizi yatosha kuchagulia mchele tu. Ami alikuwa amerudi kwenye sufuria. Karatasi ilikuwa tupu tena, mbele yangu, nami ndiye pekee nyumbani niliyejua kwamba si tupu.

Nilimwona Carolyne akiingia Alhamisi. Nilimwona akilifungua kasha, akivuta harufu ya udi na karafuu, akisema, hivi ndivyo hasa. Nilijiona na kikapu changu Kisauni. Kisha nikaisikia sauti yangu mwenyewe, ile ya asubuhi, yenye fahari: neno kwa neno. Mzee alikuwa amefika ngazi ya mwisho. Nilisikia viatu vyake vikigusa mchanga.

"Mzee Erastus!" nikaita. "Rudi. Bado sijakusomea."

Tulifunga madirisha yote mawili, Bibi akayafunika kwa leso ili mwanga usipenye. Joto likatuvamia mara moja. Nililaza simu ya Ami juu ya meza, tochi ikiwaka ubavuni mwa karatasi, na mistari ikainuka mmoja mmoja kama ardhi iliyolimwa.

"Subhanallah," akasema Bibi. "Mbona sioni kitu?"

"Mimi naona, Bibi."

"Soma basi, twaiva humu!"

Nilisoma. Nilikwenda polepole, kwa sababu mahali pengine karatasi ilivimba na herufi zikapotea, na palipopotea nilisema, hapa pamepotea.

"Bismillahi. Mimi Jumaa na ndugu yangu Erasto tumelifanya kasha hili, mbao moja, mikono minne. Litakaa kwangu kwa kuwa kwake mchwa wamezidi..." Hapa pamepotea. "Akipata binti, na binti akaolewa, kasha ni la binti. Asiulizwe wala asizungushwe."

"Asizungushwe," akarudia Mzee Erastus gizani. "Hilo ndilo neno lake. Nilikuwa nimelisahau."

Bibi alivuta pumzi ndefu. "Ni Jumaa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema. 'Mwanatumu, usinizungushe.'" Akajipangusa jasho. "Haya. Asizungushwe. Samiha, fungua dirisha."

"Umemaliza?" akauliza Ami, aliyekwisha nyoosha mkono kuchukua simu yake.

Sikuwa nimemaliza. Ulibaki mstari mmoja chini kabisa, na nilikuwa nimekwisha kuusoma kimoyomoyo. Ningeweza kuuacha. Mzee alikuwa amepata alichokuja kukitafuta. Angetafuta pikapu, pikapu zenyewe Likoni huja zikitaka, na labda, labda tu, angeipata Ijumaa. Voi si mbali. Kasha lingeweza kufuata. Ningekuwa sikusema uongo hata kidogo.

"Kuna mstari mmoja," nikasema. "'Na nikiwa nimetangulia, watu wangu wasimngoje aje. Walipeleke wenyewe mpaka mlangoni kwake, mapema, asije akasimama kwetu kama mdai.'"

Kisha sauti ya Ami ikatoka gizani, ya huzuni kubwa. "Hilo si ungeliruka?"

"Ami!"

"Nauliza tu. Watu wangu maana yake ni mimi na tuktuk yangu. Foleni ya feri nitaiweza vipi na jahazi hilo mgongoni?"

"Pitia njia ya Dongo Kundu, isiyo na feri," akasema Bibi.

"Mama, na mafuta?"

"Si ulipita mtihani mara ya kwanza? Umekwisha lipwa, baba. Ondoa viti vya nyuma."

Bibi alifungua madirisha mwenyewe. Mwanga ukarudi, karatasi ikawa tupu. Mzee Erastus alikuwa amekaa na kofia usoni, na sote tukajishughulisha na mengine mpaka akaishusha.

Tulitoa kila kitu kashani. Karatasi za ukoo wetu zilijaa kitanda cha Bibi, zikajaa changu, zikapanda juu ya cherehani, kila furushi katika leso yake. Bibi alichoma udi kwa mara ya mwisho ndani ya kasha likiwa tupu, kwa ajili ya bibi harusi, na mara hii sikumkumbusha kulipeperusha. Mzee Erastus alisimamia kazi kwa tepe yake. Kulilaza ubavu, kama alivyosema. Kushoto kidogo. Usiigongeshe pembe hiyo, mama, hiyo pembe nilikesha nayo.

Tulikuwa kizingitini, mimi na Ami upande mmoja, mzee na jirani yetu Maxwell upande mwingine, simu yangu ilipolia. Nilipoliona jina nikaomba tuliweke chini.

"Samiha, mambo?" Alikuwa Carolyne, mchangamfu. "Nathibitisha tu Alhamisi. Mpiga picha wetu pia anakuja, kwa ajili ya lile kasha."

Nilimwambia kasha linaondoka. Nilimwambia karatasi zote zipo, zimefungwa vizuri, zimeorodheshwa, na kwamba ninayo moja ambayo angependa sana kuiona kwa mwanga wa ubavuni. Nilisikia kalamu ikigongagonga meza upande wa pili.

"Haliwezi kungoja mpaka Ijumaa?"

Nilimtazama Mzee Erastus. Alikuwa amepiga magoti kwenye baraza yetu, akipangusa kwa kitambaa chake vumbi lililoshika pembe ya kasha, na hakuwa akisikiliza.

"Haliwezi," nikasema. "Tumeambiwa tulipeleke mapema."

"Sawa," akasema Carolyne. "Basi wiki hii tutaanza na nyumba nyingine. Nitakupigia."

Nilitia simu mfukoni. Ami Ukasha alikuwa akinitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha wowote tayari.

"Haya, Ami," nikasema, nikainama nikashika upande wangu. "Moja, mbili, inua."